Bibi Apanda Pikapu

Taa ya nne ilikuwa imegoma. Tatu za kwanza zilitoka kwa spana na laana ndogo ndogo, lakini hii ya mwisho, ya upande wa kushoto, iling'ang'ania juu ya paa la pikapu kama kupe kwenye sikio la mbwa. Fundi wa kuchomelea, ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche, alisimama juu ya ngazi ulimi nje, akizungusha nati iliyokuwa inazunguka bila kufunguka.

Chini yake Mama Mizinga aliishika ngazi kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili alikuwa akibandua karatasi ya kung'aa iliyogandishwa juu ya kioo cha mbele, yenye maneno makubwa mekundu: MFALME WA MLIMA.

"Mfalme nimeshamtoa," alisema. "Umebaki mlima. Na mwaka jana mlima ndio uliotushinda, huyu mfalme sikumwona."

Sauti yake ilikuwa ya chini na ya taratibu. Mtu asiyemjua angedhani anaomba radhi. Wanaomjua walikuwa wanasogea karibu ili neno lisiwapite, kwa sababu mama huyu alikuwa anamchana mtu kimya kimya, kama wembe mpya, na damu ikaonekana baadaye.

"Mama, nati imeliwa," Cheche alisema. "Hii taa itabidi niikate na grenda."

"Iache kwanza. Tuone kama ina aibu, itashuka yenyewe."

Kazi yake ilikuwa nyuki. Mizinga mingine aliiweka nyuma ya nyumba, mingi zaidi ilikaa kwenye kipande cha shamba pembezoni mwa mji, na kila mwaka maua ya bondeni yalipokauka na ya mlimani kuanza kufunguka, aliihamisha yote kwa gari. Aliipa mizinga majina ya ukoo, kila kundi kwa tabia yake. Kulikuwa na Mawifi, ambao hawakukaribiwa bila moshi. Kulikuwa na Shemeji, waliokula sana na kutoa kidogo. Na kulikuwa na Bibi, kundi la zamani kuliko yote, pole kiasi kwamba Mama Mizinga aliweza kulifungua mikono mitupu huku akiongea na mgeni mambo mengine.

Safari hii kuhama hakukuwa habari ya maua peke yake. Jirani yake wa shambani, mkulima wa matikiti, alikuja kwa adabu zote, akasimama mbali na mizinga, akasema wadudu wamemzidi nguvu na keshokutwa asubuhi atapuliza dawa. Mama Mizinga alimshukuru kwa kumwambia mapema. Alijua maana yake. Nyuki watakaokutwa pale keshokutwa jua likichomoza, jioni yake watazolewa kwa ufagio. Kwa hiyo pikapu ilitakiwa iwe tayari kesho magharibi, nyuki wakisharudi ndani na milango ikifungwa, ipande mlima nao wote.

Gari lilikuwa la watu wawili, yeye na mdogo wake wa kiume, dereva, aliyeitwa Jemadari kwa namna alivyotembea ametanguliza kifua. Wiki iliyopita Mama Mizinga alipanda mlimani kutafuta mahali pa kuweka mizinga. Kabla ya kuondoka aligawa kazi. Cheche alimwachia bodi ya nyuma. Mdogo wake alimwachia matairi, na huko, alivyosema sasa, kulikuwa ni kumkabidhi fisi bucha.

Aliporudi alilikuta gari limerefuka. Matairi yalikuwa mapana, meusi, na meno marefu yaliyoachana kama ya mtoto wa miaka saba. Yalijaa mpaka nje ya matao ya gari, na pikapu ile ndogo ya watu wa asali ilisimama juu yake kama mtoto aliyevaa viatu vya baba yake kwenda dukani. Na kwa kuwa mwenye kununua viatu hakosi kutafuta kofia, Jemadari alikuwa ameongeza ngao ya chuma mbele, taa nne juu ya paa, na bomba jeusi la kuvutia hewa lililopanda pembeni ya kioo mpaka juu.

"Hili bomba ni la nini?" alikuwa amemuuliza siku hiyo.

"La kuvukia mto, Dada. Maji yakijaa, injini inapumulia juu."

"Mto upi?"

Jemadari aliligonga bomba kwa kidole.

"Mdogo wangu, kwenye njia yetu yote maji mengi kuliko yote ni pale wanapooshea magari. Unataka kupiga mbizi pale?"

Bomba lilitoka siku ile ile. Ngao ilitoka asubuhi hii. Sasa ilikuwa zamu ya taa, na baada ya taa, Mama Mizinga alikusudia kuyatoa matairi yenyewe.

Aliyapita akaenda nyuma kuangalia bodi, ili macho yapumzike. Bodi ilikuwa fahari yake. Lile karai la zamani la gari alikuwa amelitoa lote, na Cheche akamtengenezea jukwaa bapa, lenye mbavu zinazolala chini kwa bawaba, ili mzinga upakiwe kutoka upande wowote bila mtu kuparamia. Kulikuwa na pete za kufungia mikanda kila palipohitajika. Na sakafu, ambayo hakumruhusu mtu ajadili, ilikuwa bati nene la chuma lenye vinundu vya kuzuia kuteleza, limechomelewa moja kwa moja juu ya vyuma vya chini.

Mwaka jana sakafu ilikuwa ya mbao. Asali ilimwagika, mbao zikainywa, na kwa miezi miwili pikapu haikuweza kusimama popote bila kufuatwa na siafu, sisimizi na nyuki wa watu wengine. Waliwahi kupita mbele ya msiba na kundi la nyuki nyuma yao, na waombolezaji wakamwacha marehemu na mchungaji. Mama Mizinga aliapa siku ile kwamba hatapakia tena juu ya kitu kinachokunywa. Chuma hakinywi. Chuma unakimwagia maji, unakifuta, kwisha. Alipitisha kitambaa juu ya bati lake ingawa halikuwa na vumbi.

Jemadari aliingia karakana na mikanda mipya ya kufungia mizigo begani. Aliziona taa zake tatu zimelazwa juu ya gunia kama samaki.

"Dada, taa zangu zimekukosea nini?"

"Hazijanikosea. Zimenisaidia sana. Nimeona hasara yote bila tochi."

"Utanishukuru tukifika Sabuni."

Cheche aliacha kuzungusha nati ili asikie vizuri.

Sabuni ilikuwa kona ya udongo wa mfinyanzi katikati ya mlima, mkono mmoja ukuta wa mwamba, mkono wa pili korongo. Mwaka jana walifika pale usiku kukiwa na manyunyu. Matairi ya zamani, membamba, yaliyolainika kwa lami, yalizunguka bila kushika, na pikapu ikarudi kinyumenyume taratibu mpaka ikaegemea mtaro. Mizinga minne ilianguka na kufunguka. Jemadari alitoka na kuanza kuisimamisha kwa mikono.

Hadithi iliyojulikana mtaani ilianzia hapo. Nyuki waliingia kwenye mguu wa suruali, na Jemadari aliivua akikimbia, akaitupa, akateremka mlima na kifua chake kile kile mbele, mpaka akawakuta wanawake wanaotoka kuchota maji. Ilikuwa hadithi nzuri, na Mama Mizinga aliisimulia vizuri kuliko mtu yeyote, na ile sauti yake ya chini. Sehemu ya hospitali hakuisimulia, kwa sababu haikuchekesha.

"Sabuni unaiogopa wewe," alimjibu sasa. "Nyuki hawaiogopi. Nyuki wanaogopa haya magunzi uliyoyafunga hapa chini. Nimelisikia gari tangu halijakata kona. Nikadhani kuna mtu anasaga mahindi barabarani."

"Lazima yaungurume kidogo. Ni ya matope."

"Debe tupu haliachi kuvuma, mdogo wangu. Sasa nisikilize. Nyuki hana masikio kama yako. Anasikia kwa miguu. Umfungie mlango, halafu umtikisie sakafu ya nyumba mwendo mzima wa lami, atapandwa na hasira. Akikasirika amefungiwa, anapata joto. Akipata joto, masega yanayeyuka, na tukifika juu tutateremsha supu. Hayo matairi yatawaua kabla ya dawa ya jirani."

"Nani amekwambia?"

"Keshokutwa ungeniambia wewe. Lakini mimi sisubiri keshokutwa. Tutamuuliza Bibi."

Na hapo ndipo Jemadari alipouona mzinga uliokuwa kivulini nyuma ya mlango wa karakana, umefunikwa kitambaa kibichi. Dada yake alikuwa ameufunga mlango alfajiri kabla nyuki hawajatoka, akauleta kwa mkokoteni. Hakuja kubishana mama huyu. Alikuja na shahidi.

Jemadari alirudi nyuma hatua kadhaa, kama mtu aliyekumbuka kwamba kuna kitu amekisahau nje.

Walimpandisha Bibi juu ya bodi, Mama Mizinga na Cheche, wakamfunga kwa mkanda. Mama Mizinga aliweka kiganja juu ya mfuniko na sikio ubavuni, kama alivyofanya sikuzote. Bibi alikuwa akivuma mvumo mwembamba, wa watu wanaoongea mambo ya nyumbani.

"Mmesikia wote? Hivyo ndivyo alivyo. Sasa twende mpaka njia panda na kurudi. Jemadari, endesha. Pole pole, usije ukasema nilikuharakisha."

Walikwenda, wakarudi. Mziba pancha wa ng'ambo ya barabara, jina lake Upepo, aliacha mpira wake ndani ya beseni la maji akaja kuangalia, na wateja wake wawili wakamfuata, kwa kuwa waliliona jambo linalonukia.

Mama Mizinga alishuka, akaenda nyuma, akaweka kiganja. Hakuhitaji sikio. Bibi, ambaye hajawahi kumuuma mtoto, alikuwa ananguruma kama jiko la mafuta ya taa, na mfuniko ulikuwa umeanza kupata joto. Kwenye tundu dogo la hewa, nyuki walijipanga vichwa nje wakitafuta wa kuanza naye.

"Njooni," alisema kwa upole. "Njooni mguse, lakini msikae sana. Huyu ni Bibi. Fikirieni Mawifi."

Watu walicheka wakiwa mbali.

"Upepo, matairi yangu ya zamani yako wapi?"

"Yapo, Mama, chini ya meza. Ila mawili nimeshamwahidi mtu wa bembea."

"Mwambie watoto wasubiri. Yalete yote. Tunavua haya mabuti, jemadari wetu ayavae mwenyewe."

"Na Sabuni?" Jemadari aliuliza. Hakupaza sauti.

"Sabuni utaivuka ukiwa umevaa suruali, hiyo tu ndiyo nakuomba."

Hapo kicheko kilikuwa kikubwa. Hata Cheche alishuka ngazi ili asianguke. Upepo alijipiga paja. "Mama Mizinga, wewe utatuua. Tuhadithie basi, hawa vijana hawajaisikia."

Alikuwa tayari kuanza. Alikuwa ameshavuta pumzi. Lakini mdogo wake alikuwa amelikanyaga tairi la nyuma, akapanda kwenye bodi, na akawa anajilaza juu ya bati, chali, bega lake likigusa mzinga unaonguruma.

"Unafanya nini?"

"Cheche, endesha. Njia ile ile."

"Shuka huko, usilete maigizo."

"Endesha, Cheche."

Mtu yule, tangu mwaka jana, alikuwa hapiti nyuma ya nyumba ya dada yake. Akitumwa chombo kilichopo uani, alikuwa anazunguka mtaa mzima ili apigie hodi mbele. Aliendesha gari lenye nyuki kwa sababu kati yake na wao kulikuwa na kioo. Mama Mizinga alilijua hilo, na kwa hilo pia alikuwa na utani wake. Sasa alimtazama pale chini, mikono imelala ubavuni, kope zimefumbwa kwa nguvu kama mtu anayesubiri sindano, na utani haukuja.

Aliingia mbele na Cheche. Kwa kile kidirisha cha nyuma aliona nywele za mdogo wake na ubavu wa mzinga. Gari lilipoingia kwenye lami, mashavu ya Jemadari yalianza kutetemeka. Hakufumbua macho. Nyuki mmoja aliyebaki nje alitembea juu ya ukosi wa shati lake, akazunguka, akaruka.

Njia panda Jemadari alipiga ubavu wa gari kwa kiganja. Cheche alisimama.

"Dada, huko mbele mnasikiaje?"

"Tunasikia matairi yako."

"Sana?"

Mama Mizinga alikuwa na ulimi mkali, lakini hakuwa mwongo. Alifikiri. Mbele, juu ya kiti chenye sponji, muungurumo ulikuwa kama wa mtu anayekoroma chumba cha pili. "Si sana," alisema. "Wa kuvumilika."

"Njoo ulale hapa."

"Nilale? Barabarani? Na gauni hili?"

"Wewe si unamuuliza Bibi. Njoo uulizwe wewe."

Hakuna mtu aliyewahi kumwona Mama Mizinga amelala chali nyuma ya pikapu mchana kweupe, na siku ile walioko njia panda walimwona. Alijifunga kitenge vizuri, akalala upande wa pili wa mzinga, akatazama mawingu. Jemadari alikaa ukingoni miguu ikining'inia. Cheche akaondoa gari.

Ilikuwa kama kulala ndani ya ngoma na mwenyewe anaipiga. Kila jino la tairi lilipogusa lami lilituma salamu, na bati lilizipokea salamu hizo, likazizidisha, likazimwaga mgongoni kwake. Taya ziligongana. Kisigino kilimcheza chenyewe. Alipoinua kichwa kutoka kwenye chuma, kelele zilipungua. Alipokirudisha, zilirudi, na sauti ile aliitambua. Ndiyo aliyoisikia kutoka kona ya mbali siku ile akadhani mtu anasaga mahindi. Haikuwa imetoka chini ya gari. Ilikuwa imetoka juu, kwenye bati lake, lile asiloruhusu mtu alijadili.

Aliinua kichwa na kukirudisha mara nyingi, hadi karakana.

Jemadari alimsaidia kushuka. Alikuwa na haki ya kusema neno, na watu walikuwa wamesimama kulisubiri. Alilisema moja tu, na kwa sauti ya chini, sauti ya ukoo ule:

"Debe."

Mama Mizinga alikung'uta vumbi ambalo halikuwepo. "Bado," alisema. "Inawezekana ni sisi ndio wazito. Upepo! Lete tairi moja la zamani."

"Moja tu? Si ulisema yote?"

"Moja. Na usiulize."

Walisubiri kwanza Bibi apoe. Walimfunika kitambaa kibichi kivulini, na Mama Mizinga alikuwa akienda kumshika mara kwa mara kama mtu anayepima homa ya mtoto. Mvumo uliporudi kuwa wa mambo ya nyumbani, aliagiza tairi lilazwe bapa juu ya bati, mzinga uwekwe juu ya tairi, mkanda ufungwe. Gari lile lile, matairi yale yale ya matope, mwendo ule ule. Safari hii hakupanda mbele. Alikaa nyuma, mkono mmoja juu ya Bibi, na hakuutoa mpaka waliporudi.

Bibi alikuwa anaongea mambo ya nyumbani.

Watu walikuja kucheka, na sasa hawakujua wamcheke nani. Wateja wa Upepo walikumbuka kwamba wana safari.

Mama Mizinga alimgeukia Cheche. "Wewe ulijua?"

"Nijue nini, Mama? Mimi mtu akitaka chuma nitamzuiaje? Ni kama muuza maji amkataze mtu kiu."

"Ungesema hata neno."

"Ulinikuta nina bati na kiu ya kuchomelea. Tulikutana wagonjwa wawili, hakuna daktari."

Alitaka kucheka, akajizuia. Hakuwa mtu wa kugeuka upesi. Alilizunguka gari lote, akainama kwenye tairi la nyuma, akaingiza vidole katikati ya meno yake. Vilizama. Alifikiria mfinyanzi wa Sabuni na matairi yale membamba, jinsi yalivyozunguka mahali pamoja yakilia, na taa moja ya gari ikiangaza mwamba badala ya korongo. Alikuwa ameyaona hayo kwa macho yake, kutoka kiti cha abiria. Halafu akakumbuka kitu ambacho hakikuwa kwenye hadithi yake. Mizinga ilipoanguka, yeye alikuwa bado ndani ya gari akitafuta kofia ya wavu. Mdogo wake hakutafuta kofia. Mzinga wa kwanza aliousimamisha kwa mikono mitupu ulikuwa wa Bibi.

"Haya mabuti yako yatabaki," alisema.

"Ni matairi, Dada."

"Nimesema yatabaki, usinichagulie na jina." Alisimama. "Cheche, tunaweka mbao juu ya bati. Katikati ya mbao na bati tunaweka mpira. Vipande vya mpira kila mahali ambapo mbao italala, bolti zisigusane na chuma bila mpira."

"Na asali?" Jemadari aliuliza. "Si umeapa?"

"Nimeapa kuhusu mbao tupu. Hizi tutazitandikia turubai."

"Mpira utatoka wapi?" Cheche alisema.

Mama Mizinga alikuwa anamwangalia Upepo, aliyekuwa anavuka barabara na yale matairi matatu ya zamani akiyasukuma mbele yake kama mbuzi wa kuuza, akiwa bado anadhani yanarudi kufungwa. Matairi aliyoyatetea wiki nzima.

"Kisu chako kinakata?" alimuuliza.

"Kisu changu? Kinanyoa."

"Kata hayo."

Upepo alitazama matairi, akamtazama Jemadari, akamtazama tena mama. Kisha akaenda kuleta kisu na beseni la maji ya sabuni, kwa sababu mpira haukatwi na kisu kikavu. Kazi haikuwa nyepesi. Alikata mashavu ya tairi kwanza, akayatupa, halafu utepe mrefu wa katikati, Jemadari akiuvuta na Upepo akichanja, kisu kikichovywa majini kila mara. Cheche alipima mbao kwa chaki na kutoboa matundu kwenye bati lake mwenyewe, akiugulia kila tundu. Mama Mizinga alipanga vipande sakafuni, akavipanga upya, akalala chini kuangalia kama vimekaa sawa.

Jua lilipofika kwenye paa la jengo la mbele, tairi moja lilikuwa limekwisha na la pili liko nusu. Mbao tatu zilikuwa zimelala mahali pake. Bodi iliyobaki ilikuwa bati tupu lenye matundu, na bati likipigwa hata na nyundo iliyoanguka, mtaa wote uliambiwa.

"Hatumalizi leo," Cheche alisema.

"Kesho asubuhi. Jioni tunapakia."

"Na dawa?"

"Dawa ni keshokutwa. Kesho asubuhi, Cheche, si saa zako za asubuhi."

Aliinua macho. Taa ya nne ilikuwa bado juu ya paa, kushoto, upande ambao mtu anayepanda mlima anakuta korongo. Ilikuwa imepinda kidogo kwa kutukanwa mchana kutwa.

"Hiyo niikate kesho na grenda?" Cheche aliuliza, akikusanya spana.

"Usiiguse. Irudishie na mwenzake mmoja wa kulia."

"Zote nne," Jemadari alisema.

"Mbili. Tunahama, hatufungi harusi." Kisha, kwa sababu alimwona anafungua mdomo, "Na lile karatasi lako la ufalme nimelitupa. Usilitafute."

Upepo alikuwa amekaa juu ya tairi la mwisho, akifuta kisu kwenye suruali. Kazi ilikuwa imemchangamsha. "Mama Mizinga," alisema, "tukiwa tunamalizia kipande hiki, tuhadithie basi ile ya suruali."

Jemadari alikuwa ameshika ncha ya utepe, mgongo kwao, ametanguliza kifua kuelekea ukutani. Hakugeuka.

"Kata mpira," Mama Mizinga alisema. "Giza linaingia."

Upepo alichovya kisu. Walikata kipande kimoja zaidi, kisha wakaacha, nusu ya tairi ikiwa bado nzima, wakafunika bodi kwa turubai. Bibi alirudishwa nyumbani kwa mkokoteni, na aliyesukuma mkokoteni, mikono imenyooka na uso umegeuzwa pembeni, alikuwa Jemadari.